Kadi ya Bwana Wiersma

Saa saba na dakika kumi mchana, mtu ambaye Sajenti Nieves Berenguel alikuwa amekwisha kumwandika marehemu aliingia mapokezi ya kambi ya magari-nyumba ya Las Adelfas na mfuko wa machungwa mkononi, akamsalimu Encarni, akauliza kama kuna barua zake.

Encarni Gázquez, ambaye kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyekuwa akipokea wageni wa kambi hiyo, aliiweka kalamu chini. Alimtazama yule mzee, akamtazama sajenti aliyeketi mbele yake na daftari, kisha akashika ukingo wa meza.

"Huyu bwana ni nani?" Nieves aliuliza.

"Ni Lammert," Encarni alisema. "Lammert Wiersma. Kiwanja namba arobaini na moja."

Nieves alisimama. Juu ya meza, ndani ya mfuko wa plastiki wa ushahidi, kulikuwa na kadi yenye jina hilohilo, imevimba kwa maji na kushika tope pembeni. Ilitolewa asubuhi kwenye mfuko wa shati la maiti iliyokutwa chini ya daraja, mahali ambapo korongo la Esparto linaingia baharini. Usiku uliopita mvua ilikuwa imepiga milimani, na korongo hilo, ambalo miezi kumi ya mwaka ni changarawe tupu, lilikuwa limeteremka na magogo, plastiki za vitalu vya nyanya, mbuzi wawili na mtu mmoja.

Kadi za namna ile zilijaa kwenye sanduku la Encarni. Wazee wa kaskazini wanaokuja na magari yao yenye vitanda na jiko, wakikimbia baridi ya kwao, humwachia yeye kadi badala ya pasipoti. Ina jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya chama cha wasafiri wa magari-nyumba. Bima imo humohumo. Na katika miezi ya wageni wachache humpunguzia mwenyewe karibu nusu ya bei ya kiwanja. Haina picha. Hilo Nieves alilijua asubuhi kama alivyolijua sasa.

Kanuni inasema familia isiambiwe mpaka jina lithibitishwe kwa pasipoti au kwa alama za vidole. Nieves alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na kanuni hiyo aliwafundisha wengine. Lakini asubuhi ile alikuwa amelowa mpaka kiunoni, chama kilimpa namba ya mke kwa dakika mbili, na kupiga simu ya namna hiyo ni kazi ambayo mtu hutaka iishe. Akapiga. Tjitske Wiersma, aliyebaki kwao Friesland majira haya kwa sababu ya upasuaji wa nyonga, alikijua Kihispania vya kutosha. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama mumewe alikuwa amevaa sweta yake. Nieves akamjibu ndiyo. Maiti ilikuwa na shati moja.

"Bwana Wiersma," Nieves alisema sasa, "keti. Kisha mpigie mkeo simu, kabla hujaniuliza lolote. Anaamini umekufa. Mimi ndiye niliyemwambia."

Mzee aliweka mfuko wa machungwa sakafuni taratibu. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliitazama ile kadi ndani ya plastiki, akaitazama tena, na rangi ikamtoka usoni. Kisha akachukua simu, akatoka nje.

Nieves alibaki ameutazama mlango. Mtu akiambiwa kuna maiti yenye jina lake, huuliza ni ya nani. Huyu hakuuliza.

Kupitia kioo walimwona akizungumza kwa lugha ya kwao, ameinamia ukuta. Aliporudi alimnyooshea Nieves simu, akasema mke wake anamtaka.

"Uliniambia amevaa sweta," sauti ilisema.

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ingekufariji."

"Ilinifariji," Tjitske alisema. "Ndiyo maana leo sitakusamehe." Akakata simu.

Nieves alirudisha simu, akafungua ukurasa mpya wa daftari. Aliandika saa, kwa kuwa mkono ulihitaji kufanya kitu, kisha akaanza kuuliza.

Lammert alijibu kila swali kwa adabu. Kadi ile ilikuwa yake, lakini ya zamani. Ilipotea miaka miwili iliyopita, akaripoti kwa chama, akapewa nyingine. Alitoa hiyo nyingine mfukoni: jina lile, namba ya uanachama ileile. Aliyeiokota ya kwanza alikuwa nani, hakujua. Yeye alikuwa Las Adelfas tangu Novemba, kama kila mwaka. Jana usiku alilala saa mbili. Leo asubuhi alikwenda sokoni kununua machungwa.

"Soko gani?"

"La mjini."

"La mjini ni Ijumaa. Leo ni Jumatano."

Alitazama mfuko wake. Machungwa yalikuwa na majani mabichi bado. Akasema basi alichanganya. Aliyanunua kwenye shamba lililo njiani. Suruali yake ilikuwa imefuliwa kwa mkono kuanzia magoti kwenda chini, haijakauka, na kwenye mshono wa kiatu kulikuwa na tope jekundu. Nieves hakumwonyesha kwamba ameliona. Alimgeukia Encarni akaomba kitabu cha wageni cha mwezi huu. Encarni, ambaye kwa robo saa nzima alikuwa akifuta meza iliyo safi, alisema kitabu kiko kwa mwenye kambi, Don Eladio, naye amekwenda Almería kwa daktari wa meno. Alisema hivyo bila kuinua macho.

Saa nane Koplo Jacinto Uceda aliingia, tope mpaka kwenye mkanda. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na alisema chochote kilichomjia. Alimtazama Lammert kutoka kichwani hadi miguuni.

"Afande, leo umefufua mtu," alisema. "Kwetu kuna mtu aliwekewa sanamu kanisani kwa kazi ndogo kuliko hiyo."

Nieves alimvuta nje, akamweleza habari ya kadi mbili. Uceda alieleza kwamba gari limepatikana mita mia sita juu ya daraja, limelala ubavu kwenye miti. Si gari-nyumba la kiwandani; ni gari la zamani la mizigo, mtu amelitia kitanda na jiko kwa mikono yake. Namba ni za Ujerumani, lakini limeuzwa mara tatu bila kuandikishwa upya; wenzao wa huko wamesema watahitaji siku kadhaa kumpata mwenyewe. Ndani hakuna pasipoti. Na maiti ina jeraha nyuma ya kichwa.

Yeye Uceda alikuwa amekwisha kuimaliza kesi. Watu wawili, jina moja, kadi mbili zenye namba moja. Wanashirikiana kulipa bei ya punguzo, wanagombana, mmoja anampiga mwenzake jiwe na kumtupa korongoni, mvua inamsaidia. "Umeyaona magoti ya suruali yake?" aliuliza. "Mzee wa miaka sabini na mitatu, alfajiri ya leo, anafanya nini kwenye tope?"

Nieves alisema ameyaona. Akampigia daktari wa serikali, akamwomba neno moja kabla ya ripoti. Daktari alisema mapafu yamejaa maji na mchanga. Jeraha limetokana na mawe wakati mwili ukiviringishwa, tayari umekufa au unakaribia. Maji yalimkuta ndani ya gari, pengine usingizini, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Hakuna aliyempiga.

"Basi hakuna kesi," Uceda alisema, kama aliyenyang'anywa sahani.

"Kuna maiti isiyo na jina," Nieves alisema. "Lile nililoipa lilikuwa la mtu mwingine. Nenda kaniletee ile turubai ya kivuli uliyoitoa kwenye gari la korongoni. Nimeiona imekunjwa nyuma ya gari letu."

Uceda alipofungua buti la gari, Nieves aliitazama vizuri: turubai ya kijivu, imechanika mahali pengi, na kila mpasuko umetiwa kiraka cha kitambaa cha bluu. Sasa aliibeba begani, akamwomba Lammert ampeleke kiwanjani kwake.

Kiwanja namba arobaini na moja kilikuwa pembeni, chini ya mti wa pilipili wenye matawi yaliyoinama, upande ambao upepo haufiki. Kila mtu kambini alijua ni cha Lammert. Miaka kumi na mmoja Encarni hakumpa mtu mwingine kiwanja hicho majira ya baridi. Gari-nyumba lake lilikuwa safi kama jiko la mtawa. Mbele yake turubai ilitandazwa juu ya nguzo mbili, na kwenye kona, mahali upepo uliwahi kuirarua, kulikuwa na kiraka cha bluu.

Nieves alikigusa. Mshono haukuwa wa mashine. Ulikuwa wa mkono, mapigo mafupi ya ulalo, ukingo umekunjwa mara mbili ili maji yasipenye.

"Nani alishona hapa?"

"Mimi. Nilikuwa mshona matanga miaka arobaini, kwetu Sneek."

Nieves aliishusha turubai ya korongoni, akaitandaza juu ya meza yake ya kukunja. Viraka saba vya bluu vilikaa juani. Mapigo mafupi ya ulalo, ukingo umekunjwa mara mbili. Lammert aliitazama kazi yake mwenyewe. Kisha alifanya jambo ambalo Nieves hakulitarajia: alikaa, akaanza kuung'oa udongo uliokauka kwenye mshono kwa ukucha, kiraka kimoja baada ya kingine, mpaka alipofika cha nne akaacha.

"Volkmar," alisema. "Volkmar Thiele. Wa Rostock."

Nieves hakuandika. Alimwacha aseme, na mzee akasema bila kusimama, kama mtu anayeogopa kwamba akinyamaza hataweza tena.

Volkmar alikuwa fundi wa piano. Mkewe alipoondoka, nyumba ikaondoka naye, na yeye akanunua lile gari akaja kusini. Pasipoti iliisha muda. Ili apewe nyingine alihitaji anwani, na anwani hakuwa nayo. Kila mapokezi walimwomba pasipoti, kila mapokezi wakamkatalia, na nje ya kambi polisi walimgongea dirisha aondoke. Walikutana kwenye bomba la maji la kijiji miaka mitatu iliyopita. Lammert ndiye aliyefikiria habari ya kadi. Alimwambia Volkmar achukue ile yake, kisha akakiambia chama imepotea. Kwa kadi hiyo Volkmar alipata viwanja, bafu la moto, umeme, na bei ya punguzo juu yake. Walikaa kambi tofauti, makusudi, jina lisikutane na jina. Mara mbili kwa wiki walipika pamoja. Lakini mwezi huu Volkmar alianza kukohoa, na Lammert akamwambia aje Las Adelfas, ili awe karibu.

"Basi Encarni alijua," Nieves alisema.

"Mwachie Encarni nafasi aseme mwenyewe."

Encarni alikuwa amekwisha kufika. Alisimama nyuma ya gari-nyumba na kitabu cha wageni kifuani; hakikuwa kwa Don Eladio hata kidogo. Alikiweka mezani, juu ya turubai, akasema alizipokea kadi zote mbili na aliona zina namba moja. Aliandika jina mara moja, watu wawili. Yule Mjerumani aliitengeneza piano ya baa, kazi ya siku mbili, asikubali hata kulipiwa kahawa, angemfukuza vipi? Ila jana mchana Don Eladio alipitia kitabu, akahesabu viwanja, akaona kimoja kina gari lakini hakina mtu kitabuni. Akawaita wote wawili mapokezi.

Encarni alimtazama Lammert, naye Lammert akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Don Eladio alisema atakiandikia chama na atawaita polisi," Encarni aliendelea. "Akamwuliza huyu, mbele yangu, kama anamfahamu mtu yule."

"Nikasema simfahamu," Lammert alisema.

Kiwanja cha pili mwanamke wa Kibelgiji alikuwa akianika taulo. Alizianika mbili, akaingia ndani akafunga mlango.

"Nilisema kadi ilinipotea," mzee alisema. "Nilisema hivi, 'Simjui bwana huyu.' Sikuogopa jela. Niliogopea kiwanja. Niliona wataniondoa hapa, chama kitanifuta, kila kambi itajua, na mimi na Tjitske hatutakuja tena. Nilifikiria mti huu, Sajenti. Nikaona mti."

"Na yeye?"

"Alinitazama. Kisha akamwambia Don Eladio, 'Ni kweli. Niliiokota njiani.' Akaomba radhi. Aliniomba radhi mimi, kwa kutumia jina langu."

Encarni alikuwa analia bila sauti. Alisema Don Eladio aliichukua kadi akaitupa kwenye pipa, na Volkmar alipokwenda kuwasha gari, yeye aliiokota akamkimbilia getini, akamtia mkononi. Alifikiri kambi nyingine wangempokea. Mawingu yalikuwa yamekwisha kushika mlima. Aliporudi ndani alikaanga migas, chakula cha unga na kitunguu saumu, kama kila jiko la pwani hii linavyofanya mvua ikinyesha, na wakati anakaanga alijua kwamba mtu asiye na mahali huenda korongoni, kwa kuwa ndipo pekee polisi hawagongi dirisha.

"Kama nisingemrudishia kadi," alisema, "usingempigia simu mke wa mtu."

"Kama ningengoja vidole, nisingempigia," Nieves alisema. "Hilo ni langu. Usilibebe."

Alimwuliza Lammert habari ya asubuhi, ingawa sasa alikwisha kuielewa. Mzee alisema hakulala. Kulipopambazuka alipanda kando ya korongo kwa miguu, akanunua machungwa shambani, kwa sababu Volkmar alikuwa anakohoa na huwezi kwenda kumwomba mtu msamaha mikono mitupu. Alifika mahali walipozoea kuegesha gari. Palikuwa na tope tu. Alijiambia Volkmar ameondoka mapema, amekwenda kambi nyingine, ana hasira. Aliketi juu ya jiwe saa nzima akijiambia hivyo. Kisha akaifua suruali kwenye mfereji, akarudi, akauliza barua zake.

Uceda, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote huo kofia mkononi, alikohoa akasema atamtafuta Don Eladio kwa simu. Alirudi baada ya dakika chache. Don Eladio alisema alifuata kanuni za kambi, na kweli alizifuata. Akauliza kama marehemu ameacha deni. Uceda alimweleza mahali pa kulitafuta deni hilo, kwa maneno ambayo Nieves alimkataza kuyarudia.

"Niandikie kosa," Lammert alisema.

"Kukidanganya chama kuhusu kadi ni jambo la chama na wewe. Kumpa mtu jina lako ni faini, pengine. Nitaiandika."

"Siyo hilo."

"Najua siyo hilo. Hilo jingine halina kifungu, mzee. Nimekitafuta nikiwa nakusikiliza."

Saa kumi na moja jioni walikuwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali ya mjini. Nieves hakumwonya wala hakumwandaa kwa maneno ya kawaida; alifungua mlango akasimama kando. Lammert alitazama uso kwa muda mrefu. Alisema jina lote, mwaka wa kuzaliwa, mji, kazi. Alisema ana dada anayeitwa Hannelore, na kwamba walikuwa wakiandikiana Krismasi. Alitaja kovu la kisu cha kukatia waya kwenye kidole gumba cha kushoto, na mhudumu alipofunua mkono, kovu lilikuwepo.

Mhudumu alikuwa na fomu. Alijaza alichoambiwa, akafika mstari mmoja, akauliza uhusiano.

"Rafiki," Lammert alisema.

Mhudumu alieleza, bila ubaya, kwamba mstari huo hauna nafasi ya rafiki. Ni ndugu wa damu, mke au mume, au ofisa wa serikali. Asiye mmojawapo hawezi kutia sahihi. Kwa fomu hiyo yeye si mtu wa marehemu.

Lammert aliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwake, akamrudishia. Nieves aliipokea. Alisoma fomu yote kutoka juu mpaka chini, akalinganisha kila neno na kilichokuwa mbele yake, kisha akatia sahihi mahali pa ofisa, na chini yake akaandika kwamba jina litathibitishwa kwa alama za vidole kesho asubuhi na kwamba hakuna atakayearifiwa kabla ya hapo.

Koridoni kulikuwa na benchi la chuma. Mzee aliketi. Nieves alimwambia Uceda angoje garini, akaketi naye.

"Nani atampigia dada yake?" Lammert aliuliza.

"Mimi. Majibu ya vidole yakitoka."

"Niachie mimi."

Nieves alifikiri. Kanuni haikusema neno juu ya hilo, si ndiyo wala hapana. "Nitakuwa nimekaa pembeni yako," alisema. "Ukishindwa, nitaendelea mimi. Utamwambia nini?"

"Kwamba jana waliniuliza kama namjua, nikakana."

"Hilo tu? Hutamwambia amekufa?"

"Nitamwambia," mzee alisema. "Lakini hilo kwanza. Akisikia amekufa kabla, atanionea huruma."